Koo la Mihayo

Dalali wa mahakama alipofika kwa Mihayo Kasanda kukamata mali, alikuta godoro, jiko la umeme lililokufa upande mmoja, na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi akidhani naye ataambulia chochote. Dalali alikitazama chumba kile mara moja tu. Akatoka barazani, akavuta stuli ya jirani, akakaa, kisha akamwomba Mihayo aseme neno lolote.

"Niseme nini tena, dada yangu? Si unaona mwenyewe sina kitu."

Mwenye nyumba, pamoja na hasira zake zote, alijikuta anatabasamu. Ndivyo sauti ya Mihayo ilivyokuwa. Nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa neno, na yenye tabia ya kumfanya mtu asogee karibu hata kama anadanganywa mchana kweupe.

"Inatosha," akasema dalali. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Leokadia, mpole wa uso na mgumu wa kazi. "Hiyo hiyo ndiyo tutakayoikamata."

Nyamizi, aliyezaa na Mihayo na sasa anamdai matunzo ya mtoto wao, alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kwapani. Sheria ilimtaka mdai awepo, haikumtaka akae, naye hakukaa. Miaka sita alikuwa amemlea Kalunde peke yake kwa karakana ndogo ya kuchuja asali hapo hapo Tabora, na katika miaka hiyo hakupiga hodi kwa mtu kuomba hata chumvi. Alijivunia jambo hilo wala hakuona sababu ya kulificha. Mtoto alivaa, mtoto alikula, na mtoto alikuwa na mguu wa kushoto uliowafanya walimu wa shule ya michezo ya Dodoma wapige simu wenyewe. Lakini shule ile ilikuwa ya bweni, na ndoo za asali za mwaka wa ukame hazikutosha kuilipa ada yake. Ndipo Nyamizi, kwa mara ya kwanza, alipomeza mate machungu na kwenda Mahakama ya Matunzo.

Kuhusu Mihayo, wako watu waliozaliwa, wakakua, wakaoa, huku wakimsikia redioni. Alitangaza mpira hata asiyeona akaona nyasi. Kisha vituo vikanunua mitambo ya kutangaza, isiyougua wala kudai posho, naye akapewa cheti cha shukrani na kuonyeshwa mlango. Tangu hapo akawa mtu wa kesho. Kesho atapata kazi, kesho atatuma fedha za mtoto. Nyamizi alikuwa amezisikia hizo kesho mpaka zikamtokea puani.

"Mimi si mkorofi, Mama Kalunde," akasema Mihayo. "Kazi hakuna."

"Sijasema wewe mkorofi. Nimesema mtoto anakula kila siku, hata siku ambazo kazi hakuna."

Leokadia aliwaacha wamalize, kama anayesubiri mvua ipite. Kisha akaeleza. Zamani, alisema, mzazi asiyelipa na asiye na mshahara alipelekwa ndani, akatoka amekonda, na mtoto bado hajala. Siku hizi hakuna anayefungwa. Kila kitu mjini kinasema, kuanzia treni hadi mizani ya sokoni, na kila kitu kinachosema kinahitaji sauti ambayo watu watairidhia. Mitambo ilikuwa imejaribu kujitungia sauti yenyewe, lakini masikio ya watu yalizikataa, wakashuka vituo visivyo vyao na kulaumu treni. Sauti ya mtu aliyeishi ilikuwa na soko. Na ya mtu aliyependwa, kama Mihayo, ilikuwa na soko zaidi.

"Ila mnunuzi anaitaka iwe yake peke yake," akasema Leokadia. "Baba huyu akiendelea kuongea nayo mtaani, mtu yeyote mwenye simu ataichota bure. Kwa hiyo atavaa huu."

Akafungua kiganja. Palikuwa na kitu kidogo cheusi, cha mviringo, ambacho mji mzima ulikwisha kukibatiza ushanga. Ulibandikwa kooni. Ulisoma mtikisiko wa misuli, ukaimeza sauti kabla haijafika midomoni, na badala yake ukatoa nyingine, ile iitwayo sauti ya umma. Wadaiwa wote nchini walitumia hiyo hiyo moja. Haikuwa ya kiume wala ya kike, haikupanda wala kushuka, na ukiwakuta wadaiwa wawili wanagombana ungedhani mtu anajijibu mwenyewe.

"Na akiubandua?" Nyamizi akauliza.

"Mkataba unavunjika saa hiyo hiyo na fedha zinakoma. Hakuna wa kumpiga wala kumfunga. Mtoto tu ndiye atakayerudi nyumbani." Leokadia alimtazama. "Mwenye kuamua ni wewe, mama. Bila alama ya kidole chako siruhusiwi kumgusa."

Mihayo, mtu wa kujaza dakika tisini bila kumeza mate, aliangalia miguu yake. Nyamizi alikuwa amedhani siku hiyo ikifika ataionja kama sega. Lakini haikuwa na utamu. Kwa sauti ile alitongozwa, na kwa sauti ile Kalunde alibembelezwa usiku wa homa. Lakini vilevile kwa sauti ile aliahidiwa kesho zote zile, na kesho hazilipi ada. Akaweka kidole kwenye kioo cha simu ya dalali.

*

Fedha zilianza kuja, na hazikukosa hata mwezi mmoja. Kalunde akaenda Dodoma na sanduku jipya. Nyamizi alipita sokoni akiwa amenyoosha shingo, na aliyemuuliza habari za mtoto alijuta, maana aliambiwa zote.

Sauti nayo ikaenea. Stesheni, ilikuwa Mihayo aliyewatakia abiria safari njema. Benki, ilikuwa Mihayo aliyewaomba wateja wasimame nyuma ya mstari. Nyamizi alipopeleka madumu yake ya asali kupimwa, mizani ilimwambia kwa mahaba, "Mzigo wako umezidi, tafadhali punguza," naye akaikemea mizani mbele za watu kama mke anavyokemea mume. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Lakini alipofika nyumbani hakuwasha chochote kinachosema.

Kwa Kalunde mambo hayakuwa ya kucheka. Mihayo alimpigia kila Jumapili mchana, wakati wa mapumziko ya shule. Mara ya kwanza mtoto alipokea, akasikiliza, akakata. Akampigia mama yake.

"Mama, huyu si baba. Ni yule muuza mkaa wa kwetu kule nyuma."

"Ni baba yako, Kalunde. Muuza mkaa naye ana ushanga, ndiyo maana wanafanana."

"Basi mimi nitajuaje yupi ni yupi?"

Kila Jumapili simu iliita, na kila Jumapili Kalunde aliiacha iite. Mihayo hakuacha kupiga.

Likizo moja msichana alirudi nyumbani, mrefu kuliko alivyoondoka, akiwa na habari iliyomwasha midomo. Timu yao ilikuwa imefika fainali ya mashindano ya shule, na fainali ingechezwa hapa hapa Tabora, kwenye uwanja wa mjini. Alieleza yote akiwa amesimama. Kisha akakaa, na furaha ikamshuka usoni.

"Wanaleta mtambo wa kutangaza," akasema. "Utatangaza kwa sauti ya baba."

"Nimesikia."

"Mama, mrudishie sauti yake. Nitarudi kusoma hapa, shule ya kutwa. Mpira hata uwanja wa sokoni nitacheza. Namtaka baba anitangaze mwenyewe, siku hiyo moja tu."

Nyamizi alimtazama mtoto aliyempigania kwa miaka yote ile, akiomba kushushwa kutoka mahali alipopandishwa kwa jasho. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alimwelewa mno.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Leokadia na kuuliza kama sauti inaweza kuazimwa kwa siku moja. Haikuwezekana. Mdai angeweza kusamehe, lakini akisamehe amesamehe moja kwa moja. Mnunuzi asingeikubali tena sauti iliyokwisha kumwagwa mbele ya uwanja mzima. Njiani kurudi Nyamizi alijiuliza maswali ambayo hakuwahi kujiuliza alipokuwa anadai. Ni halali kumnyima mtoto baba ili kumlipia mtoto ada? Na aliyemnyima ni nani, sheria, au yeye Nyamizi mwenye kidole? Akajiona kama anayetaka kupima asali kwa mizani isiyosimama sawa. Mwishowe akaamua atasamehe. Ada ataitafuta, akilazimika atauza mashine ya kuchujia.

*

Alimkuta Mihayo barazani, anamenya karanga za mwenye nyumba kupunguza deni la kodi. Alikuwa amepungua mwili. Ushanga ulikuwa kooni pake, mweusi, safi, inaonekana aliufuta kila siku.

"Karibu, Mama Kalunde," akasema yeye, au ikasema sauti ya umma.

Safari hii Nyamizi alikaa. Akamweleza yote, akiharakisha ili asibadili mawazo. Kalunde anataka hivi, mimi nimekubali, kesho twende kwa dalali ukafunguliwe. Alitegemea machozi, au angalau shukrani. Mihayo aliendelea kumenya karanga.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki nini?"

"Usinifungue."

"Mihayo, mtoto hapokei simu zako. Anasema wewe ni muuza mkaa."

"Najua. Anaiacha iite, nami nabaki naisikiliza ile milio yake." Sauti haikuwa na uchungu wowote ndani yake, kwa kuwa haikutengenezwa kubeba uchungu, lakini mikono ilikuwa imesimama. "Nyamizi, miaka ile yote nilikuwa na sauti yangu na sikumnunulia mtoto hata kalamu. Nilikuwa naongea. Niliongea vizuri, na wewe ukala maneno. Sasa sina sauti, na mwanangu anasoma Dodoma. Anavaa jezi. Kila mwisho wa mwezi naamka mapema, naoga, napiga pasi shati, halafu sina pa kwenda nalo, nakaa hapa tu. Lakini nakaa nikijua leo nimelipa. Unaijua raha hiyo?"

Nyamizi aliijua. Aliijua kuliko mtu yeyote mji ule, maana ndiyo iliyomsimamisha miaka sita. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine naye anaweza kuitaka, tena huyu.

"Ukiniondolea hii," akasema Mihayo, "utakuwa umenirudishia koo na kuninyang'anya ubaba. Niache nilipe mpaka amalize. Uwanjani nitakuja. Nitakaa kimya kama watu wengine."

"Wewe? Ukae kimya kwenye mpira?"

Mihayo akacheka. Ushanga haukujua kufanya kicheko, ukatoa mlio mfupi kama wa mlango. Nyamizi naye akacheka, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu huyo tangu waachane, kisha akaogopa kidogo na kuaga. Alikwenda nyumbani akiwa amekasirika, maana alikuwa ameanza kumheshimu.

*

Siku ya fainali jua lilikuwa kali na uwanja ulijaa. Nyamizi alikaa jukwaa la mzunguko, Mihayo pembeni yake na shati lake lililopigwa pasi. Safu mbili chini yao alikuwepo Leokadia dalali, amejifunika kanga kichwani, akila miwa kama mtu mwingine yeyote.

Mtambo ulianza. Sauti ikamwagika kutoka vipaza sauti vyote, ile ile nzito, yenye kukwaruza, na wazee waliokuwepo wakashika vifua. Wachache walimgeukia Mihayo. Alikuwa ametulia, mikono magotini, akijisikiliza.

Ilikuwa kazi safi. Kila pasi ilitajwa, kila kona ilihesabiwa. Lakini kadiri mpira ulivyokwenda, watu walianza kukohoa na kuzungumza habari zao. Kulikuwa na kitu hakipo. Enzi zake Mihayo, mchezaji hakuhesabiwa kuwa mchezaji mpaka apewe jina la uwanjani, na aliyetoa jina alikuwa mtangazaji, papo kwa papo, mbele ya watu. Wapo waliokwenda kaburini na majina hayo. Mtambo uliyajua majina yote aliyowahi kuyatoa, lakini kumpa mtu jina jipya ni kumtazama kwanza, na mtambo haukumtazama mtu. Wasichana wale wote walikuwa namba.

Timu ya Kalunde ilikuwa nyuma kwa bao moja. Kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda sana pale Kalunde alipoupokea mpira kushoto, karibu na mstari. Beki wa kwanza akaja, akampita. Wa pili akaja, Kalunde akasimama kidogo kama anayemsalimia, yule akayumba, naye akampita. Wa tatu alisogea kando mwenyewe, hata leo hajui kwa nini. Kisha mguu wa kushoto, na wavu ukatikisika.

"Bao," ukasema mtambo kwa sauti ya baba yake. "Mfungaji, namba kumi na moja."

Kalunde alikuwa ameanza kukimbia mikono juu. Aliposikia hivyo mikono ilishuka. Akatazama juu kwenye vipaza sauti, kisha chini.

Mihayo alikuwa amesimama. Kifua chake kilikuwa kimejaa pumzi, mishipa ya shingo imetoka, na vidole vyake viwili vilikuwa kwenye ushanga. Leokadia aligeuka, miwa mkononi, akamwona. Nyamizi naye alimwona, na moyoni alimwambia, ubandue. Ubandue, sitakulaumu, hakuna mzazi atakayekulaumu.

Vidole vilikaa pale. Kisha, kimoja kimoja, vikatoka. Mihayo akaketi taratibu na kuikunja mikono mapajani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Hapo Nyamizi alijua kwamba mwanamume huyu amelipa. Alilipa mbele ya macho yake, kwa kitu alichokuwa nacho kikubwa kuliko vyote, na hapakuwa na mtambo uliolinena hilo.

"Ungemwita nani?" akamuuliza.

Mihayo akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Wewe huwezi. Koo langu hakuna aliyelikamata. Niambie mimi."

Akamwinamia sikioni na kumwambia, kwa ile sauti isiyopanda wala kushuka. Nyamizi alisikia, akaziba mdomo kwa kicheko. Kisha akasimama. Yeye ambaye hata sokoni hakuwahi kupaza sauti, aliyeona kelele ni za watu wasio na hoja, alipanda juu ya benchi na viatu vyake vizuri, akajaza kifua.

"Mpisheni Mama Mkwe!" akapiga kelele. "Mabeki, tokeni njiani! Hamumwoni Mama Mkwe anapita?"

Jukwaa zima likaangua kicheko, maana hakuna kijana wa kwao asiyejua kuacha njia na kusimama kando majanini mama mkwe anapotokea, na wote walikuwa wameona kwa macho yao yule beki wa tatu alivyosogea. Jina lilikuwa lenyewe. Mzee mmoja akadakia, wanafunzi wakadakia, na Mihayo akavuta upindo wa kanga ya Nyamizi kumpa sentensi nyingine, naye akaitupa juu, na nyingine. Sauti ilimkauka, ilivunjika, haikuwa nzuri hata kidogo. Vipaza sauti vyote vya uwanja viliendelea kusema namba, na hakuna aliyevisikiliza tena. Kila Kalunde alipogusa mpira, uwanja uliimba, "Mpisheni! Mpisheni!"

Leokadia alipanda safu mbili mpaka walipo.

"Mama, hayo maneno ni ya nani?"

"Yametoka koo langu," akasema Nyamizi, ambaye sasa aliongea kwa kukwaruza. "Ukitaka, njoo na ushanga mwingine."

Dalali akamtazama Mihayo, ushanga kooni, mahali pake. Akarudi kukaa. Baadaye kidogo kanga yake ilionekana inapepea pamoja na za wengine.

Walifungwa kwa penalti. Yapo mambo ambayo jina peke yake haliwezi kuyazuia. Lakini wakati washindi wanabeba kombe, watoto walikuwa wamejazana upande wa pili wa uwanja, kwa Mama Mkwe, wakitaka kumgusa jezi. Kalunde alijipenyeza katikati yao, soksi zimeshuka, uso umejaa vumbi, akaja mpaka kwenye uzio walipokuwa wamesimama wazazi wake.

"Shikamoo mama. Mama, umelitoa wapi jina lile? Wewe huwezi kutunga kitu kama kile."

"Marahaba. Na kweli siwezi," akasema Nyamizi, kwa fahari kubwa. "Muulize aliyelitunga."

Kalunde akamgeukia baba yake. Aliutazama ushanga muda mrefu. Mihayo alishika waya za uzio kwa mikono miwili na hakuthubutu kufungua mdomo.

"Shikamoo baba," akasema msichana. "Hebu sema wewe mwenyewe."

"Mpisheni Mama Mkwe," akasema Mihayo, kwa sauti ya muuza mkaa, sauti ya wadaiwa wote wa nchi.

Kalunde aliinamisha kichwa, akisikiliza kwa makini kama mtu anayejifunza kitu kigumu. Kisha akaingiza vidole kwenye matundu ya uzio, juu ya vidole vya baba yake.

"Rudia, baba," akasema.